Elburgon Imejibu

Hakuna mtu katika Bonde la Ufa lote anayezijua kompyuta kama ninavyozijua mimi. Niliwahi kushika moja kwa mikono yangu miwili, nikiipangusa vumbi, na mwenyewe akaniomba kwa heshima zote nisiishike tena. Kwa hivyo haya ya sanduku la Elburgon nimeyaandika jinsi yalivyoniingia kichwani. Kama kuna mhandisi atakayeona nimekosea, aje tubishane. Chai ipo, sukari aje nayo.

Inspekta Jepkemei alifika Elburgon Jumapili asubuhi, mji ukiwa kanisani na misumeno ya mbao imenyamaza. Alitoka Nakuru pamoja na Konstebo Kigen, mwanamume aliyebakisha mwaka mmoja astaafu na ambaye alikuwa ameanza kupumzika mapema ili asije akachelewa. Walikuwa na siku hiyo moja tu. Jumatatu, msichana aitwaye Mugure angesimama mbele ya hakimu kule Molo, ashtakiwe kwamba aliharibu kwa makusudi maziwa ya wakulima wa Elburgon. Tangi zima.

Tangi zima la maziwa si mchezo hata mwaka wa kawaida, na ule wa 2008 haukuwa mwaka wa kawaida. Baada ya zile fujo za uchaguzi, kituo cha kupoza maziwa kilikuwa kimefungwa kwa miezi. Kilipofunguliwa, kikawa mahali pa kwanza mjini ambapo watu wa pande zote mbili walisimama foleni moja, mtungi nyuma ya mtungi, wakilalamikia bei kwa sauti moja. Kulalamika pamoja ni mwanzo mzuri. Sasa maziwa yamemwagwa mtaroni, msimamizi wa tangi ni mtoto wa upande mmoja, na foleni ilikuwa imeanza kuachana katikati kama nywele zilizochanwa.

Mugure alikuwa kwenye benchi la seli, kibuyu cha mursik, yale maziwa lala ya Kikalenjin yenye masizi ya makaa, mapajani.

"Nani amekuletea hicho?" Jepkemei akauliza.

"Mke wa Mzee Kiptanui, Madam."

Kigen akakohoa. Kiptanui alikuwa mwenyekiti wa wakulima, wa upande ule mwingine, na njia nzima kutoka Nakuru Kigen alikuwa amemweleza Inspekta kwamba huyo ndiye mtu wa kukamatwa.

"Unakunywa?" Jepkemei akauliza.

"Mwanzoni nilikuwa naogopa yale makaa. Sasa nimezoea. Ni hii chai yenu inanishinda."

Jepkemei akaketi kando yake. "Nieleze hiyo mashine kama unamweleza mtu ambaye hajawahi kuiona."

"Kuna tangi. Kuna kompresa ya kulipoza. Na ukutani kuna sanduku dogo linaloiambia kompresa lini ifanye kazi na lini ipumzike. Maziwa yakifika nyuzi tatu au nne, kulingana na setingi, sanduku linaamsha kompresa. Setingi zinatoka Nakuru, kwa Jaydeep."

Jaydeep alikuwa fundi wa kompyuta wa Bwana Jaswant, mwenye kiwanda cha maziwa Nakuru. Zamani, na zamani hapa ni mwaka uliotangulia, kila setingi ilipobadilishwa ilibidi fundi apande gari kituo baada ya kituo, Njoro, Molo, Elburgon, hadi Naivasha, azime sanduku, aingize nambari mpya, aliwashe tena. Sanduku likizimwa, kompresa nayo inanyamaza, na maziwa hayajui kusubiri. Jaydeep akatengeneza njia ya kukaa kwenye kiti chake na kutuma setingi kwa mtandao wa simu, masanduku yote manne yakazipokea yakiwa kazini, kama mpishi anayeambiwa apunguze chumvi bila kuepua sufuria. Kwa kweli ni kitu kizuri. Bwana Jaswant aliwaonyesha wageni kama mtu anayeonyesha mjukuu.

"Mtandao ukipotea wakati anatuma?" Jepkemei akauliza.

"Basi hiyo imepotea. Si kama ujumbe wa simu unaokungoja. Alitufundisha mwenyewe: ni kama kumwita mtu. Kama hayuko, umeita upepo. Lazima aite tena."

"Na stima ikipotea?"

"Sanduku liko na betri ndani, na kompresa ina jenereta. Sanduku halijazimwa tangu siku ya kufungua kituo. Siku hiyo Jaydeep aliliwasha, likauliza saa kwa mtandao, likajiwekea saa sawasawa na ya simu yake. Tukapiga makofi."

"Jaydeep ameandikisha kwamba Jumatano alasiri alituma setingi ya nyuzi nne kwa vituo vyote. Mara moja. Vyote vikajibu kwamba vimepokea. Alhamisi asubuhi sanduku lako likakutwa linasema kumi na nne, ikabidi atume nne tena. Anasema njia ya kufika hapo ni moja tu: mtu afungue sanduku kwa ufunguo, alizime, aingize nambari kwa mkono, aliwashe. Ufunguo unao nani?"

"Mimi."

"Wewe peke yako?"

"Mimi peke yangu. Na wa choo pia ninao mimi peke yangu, Madam, na hakuna aliyenishtaki kwa mambo ya choo."

Kigen akacheka, kisha akakumbuka yuko kazini.

"Jumatano ulitoka saa ngapi?"

"Nilipofunga lango. Anga ilikuwa nyeusi, radi inapiga upande wa msitu. Nikamwacha Mzee Hezekiah, mlinzi. Maziwa yalikuwa baridi, nilipima. Asubuhi nikafungua kifuniko, nikasikia harufu kabla ya kuona." Akakishika kibuyu kwa mikono miwili. "Madam, mimi ndiye nilizunguka kuwaambia watu warudi. Niharibu kwa nini?"

Jepkemei alisimama, akagonga mlango wafunguliwe.

Kituo cha kupoza maziwa kilikuwa mwendo mfupi kutoka hapo, nyumba ya mawe yenye paa la bati na antena ndefu juu yake. Ng'ombe hawaendi kanisani, kwa hivyo foleni ilikuwepo. Foleni mbili, kusema ukweli. Moja ukutani, moja kwenye ua wa miti, na katikati nafasi ya kupitisha lori. Waliotumwa kutoka Nakuru kupokea maziwa walikuwa wakienda huku na huku kama wahudumu wa harusi ya jamaa waliokosana.

Mzee mmoja mrefu mwenye koti la kijani aliingia langoni akikokota mtungi, anahema.

"Umechelewa, Mzee," karani akamwambia.

"Sijachelewa. Angalia saa."

Karani akaangalia. Ukutani, ndani ya kioo cha sanduku, nambari nyekundu zilionyesha nyuzi za maziwa, na chini yake saa. Karani akapokea mtungi.

Jepkemei akatazama saa ya mkononi mwake. Akatazama ya ukutani. Akamtazama mzee. "Hiyo saa ya ukutani imechelewa."

"Ndiyo," mzee akasema, bila aibu hata kidogo. "Imechelewa karibu nusu saa. Tunaiita saa ya huruma. Lango linafungwa kwayo."

"Tangu lini?"

"Haikuanza siku moja. Tangu kufungua inabaki nyuma kidogo kidogo, kama mzee mwenye goti. Tulimwomba Mugure asimwambie Jaydeep." Akanyoosha mkono. "Mimi ni Kiptanui."

Kigen akasogea mbele, akavuta mkanda. Huu ndio wakati aliokuwa akiungoja tangu Njoro. "Mzee, wewe ulionekana hapa Jumatano jioni, lango likiwa limefungwa. Ukatoka na kitu chini ya koti."

Kiptanui akatazama foleni ya kwanza, akatazama foleni ya pili. "Afande, twende kando."

"Sema hapa hapa."

"Afande, nakuomba."

Wakaenda nyuma ya tangi. Kiptanui akashusha sauti. "Ilikuwa chaja."

"Chaja ya nini?"

"Ya simu. Nilikuja kuchaji simu."

"Sasa hiyo ni kitu cha kuficha chini ya koti?"

"Afande, mimi ndiye mwenyekiti. Mimi ndiye nilipitisha sheria kwamba mkulima asichaji simu kwa stima ya kituo. Na mtu wa kwanza kutozwa faini alikuwa mama mkwe wangu."

Kigen akaulegeza mkanda. Alikuwa na mama mkwe.

"Ulichomoa nini ukachomeka hiyo chaja?" Jepkemei akauliza.

"Redio ya Hezekiah. Ilikuwa kwenye matangazo ya vifo. Hata yeye alishukuru."

"Ulifika karibu na sanduku?"

"Lile linatisha, lina macho mekundu. Sikulifikia." Akavua kofia. "Madam, nisikilize. Watu wanasema Mugure ametufanyia kwa sababu ya yale ya Januari. Mimi nasema hapana. Tulipokuwa tunaogopana, yeye ndiye alikuja boma kwa boma na gumboti zake, akatuambia leteni maziwa, tangi halijui ng'ombe ni wa nani. Bibi yangu anampelekea mursik pale seli. Kama ni mkosaji, basi tumemlisha mkosaji. Lakini si yeye."

"Utasema hivyo mbele ya hizo foleni mbili?"

Kiptanui akavaa kofia yake polepole. "Nikisema kabla hamjampata mwenye kosa, wataniita msaliti. Mkimpata, nitasema kwa kipaza sauti."

Basi mshukiwa wa Kigen akaenda zake na mtungi mtupu, na Kigen akabaki akiutazama ukuta.

"Usihuzunike," Jepkemei akamwambia. "Ametupa kitu kikubwa kuliko kukiri. Ametupa saa."

"Saa mbovu, Madam?"

"Hiyo hiyo. Mugure amesema sanduku likiwashwa linachukua saa ya kweli kutoka kwa mtandao. Kama mtu alilizima na kuliwasha Jumatano, hii saa ingekuwa sawa na yangu leo. Imechelewa karibu nusu saa, na imechelewa pole pole tangu kufungua. Maana yake?"

Kigen akafikiri. Alifikiri kwa uso wote. "Halijazimwa."

"Halijazimwa tangu siku ya makofi. Na kama halijazimwa, hakuna aliyeingiza kumi na nne kwa mkono. Kumi na nne ilikuja kwa hewa. Kutoka Nakuru."

"Lakini Madam, ingekuja kwa hewa ingeharibu vituo vyote. Njoro maziwa ni mazima. Molo ni mazima."

"Hilo ndilo swali. Wewe unafikiri vizuri ukiwa na njaa."

Waliingia ofisi ndogo ya kituo. Meza, kiti, kalenda ya duka la dawa za mifugo, redio, na ukutani kioo cha kujitazamia. Ila huwezi kujitazama, maana kilikuwa kimefunikwa kwa gunia la chakula cha ng'ombe.

Mzee Hezekiah, mlinzi, alikuwa amesimama mlangoni na rungu lake, mtu mfupi aliyewahi kufanya kazi kwenye msumeno mpaka msumeno ukachukua kidole kimoja.

"Mzee, hiki kioo kina aibu gani?" Jepkemei akauliza.

"Ni ya radi, Madam. Nilikifunika Jumatano. Na kila jioni naona anga imevimba, sikufunua."

"Nyumbani kwetu Kabarnet mama alikuwa anafunika kioo na kuinamisha sufuria zote."

"Sufuria pia," Hezekiah akasema kwa furaha, kama aliyekutana na mtu wa kanisa lake. "Radi inapenda kitu kinachong'aa."

"Na kitu chenye waya."

Furaha ya Hezekiah ikapungua.

Jepkemei alikuwa ameshaona. Kando ya sanduku kulikuwa na kijisanduku kingine kidogo, modemu, chenye kadi ya simu ndani. Ndiyo sikio la sanduku. Kutoka hapo waya mweusi ulipanda hadi kwenye antena ya paani. Elburgon kuna vumbi la mbao kila mahali, hata kwenye chai, na waya huo ulikuwa umevaa vumbi kama koti. Lakini pale unapoungana na modemu, skrubu ya shaba ilikuwa inang'aa kama pete ya bi harusi. Kitu haking'ai hivyo bila vidole.

"Mzee Hezekiah. Jumatano radi ilipoanza ukafunika kioo. Halafu?"

"Halafu nikakaa."

"Kabla ya kukaa."

Hezekiah akahamisha rungu mkono wa pili. "Pale kwa jirani radi ilipiga msipresi, ikaua fahali aliyefungwa chini yake. Mtu akiona hivyo mara moja... Ile antena inasimama juu ya paa kama kidole, Madam. Inaiita radi kwa jina. Mimi nalala chini yake. Huwa nafungua ule waya, naurudisha asubuhi, radi ikiwa imekwenda zake."

"Kila radi?"

"Kila radi."

"Na kompresa inaendelea ukifungua?"

"Haistuki hata. Jumatano ilikuwa imeshapumzika kabla sijaugusa waya. Ningeona mimi ndiye nimeinyamazisha ningerudisha mbio, na radi inipate."

"Polisi walikuja hapa Alhamisi. Mbona hukuwaambia?"

"Waliuliza nani amezima mashine. Mimi sikuzima mashine." Akaweka rungu chini. "Nitafungwa?"

"Ukifungwa wewe, mama yangu naye afungwe. Kaa."

Akampa Kigen simu. "Pigia Zeddy, msimamizi wa Njoro. Muulize Jumatano alasiri kompresa yake ilikuwaje. Usimwambie kwa nini."

Kigen akapiga. Zeddy alikuwa na sauti iliyosikika mpaka kwenye foleni. "Ilikuwa na maajabu, Afande! Ilinyamaza ghafla. Nikagonga, nikabembeleza, wapi. Maziwa yakaanza kupanda joto, yakafika nyuzi nane, nikaanza kuomba. Mvua ilipoanza tu, ikaamka yenyewe. Nikasema Mungu yuko Njoro!"

"Ulimwambia mtu?"

"Nilimpigia Jaydeep. Akasema ameshaona, ni kitu kidogo, nisiwe na wasiwasi. Kwani kuna nini?"

Kigen akakata simu. Akakaa kwenye kiti cha pekee bila kuombwa.

"Mara mbili," akasema. "Alituma mara mbili."

"Endelea."

"Mara ya kwanza akakosea, akaandika kumi na nne. Ikaenda kote kwa pamoja, kompresa zote zikanyamaza, kwa sababu zimeambiwa zisiamke mpaka maziwa yafike kumi na nne. Zeddy akampigia. Akagundua, akatuma nne. Njoro ikasikia. Molo ikasikia. Naivasha ikasikia." Akamtazama Hezekiah. "Na hapa sikio lilikuwa limefunguliwa kwa sababu ya radi."

"Umeita upepo," Jepkemei akasema.

"Basi si mtu mbaya, Madam. Alikosea tu. Na Mzee hapa aliogopa tu."

"Kukosea si hatia, na kuogopa radi si hatia. Lakini Jaydeep ameandikisha kwamba Elburgon ilijibu kwamba imepokea nne. Kama masanduku hujibu kweli, alijua Jumatano hiyo hiyo kwamba Elburgon haikusikia, akanyamaza. Kama hayajibu, basi ametunga. Njia yoyote, kuna msichana seli kwa maneno yake. Nataka kujua ni ipi kati ya hizo."

"Utajuaje? Mimi na wewe hatuwezi kusoma kompyuta yake."

"Hatutaisoma." Alisogea ukutani, akafungua skrubu ile ya shaba kwa vidole viwili, akachomoa modemu kwenye sanduku. Nambari nyekundu hazikupepesa. Kompresa iliendelea kunguruma kama paka aliyeshiba. Akaifunga modemu ndani ya leso, akaitia mkobani.

"Madam, hiyo ni mali ya kiwanda."

"Ni kielelezo. Iandike."

"Niandike nini?"

"Sikio moja."

Ofisi ya Bwana Jaswant Nakuru ilikuwa juu ya kiwanda, na Jumapili hiyo ilinukia sambusa. Mzee Jaswant alikuwa ametoka gurdwara, hekalu la Kalasinga, kilemba cha buluu, ndevu nyeupe zimechanwa vizuri. Alizaliwa Nakuru, na Kiswahili chake kilikuwa cha soko la Nakuru.

"Inspekta, karibu. Mimi sipendi hii kesi. Ule msichana alinipigia simu wakati mimi nataka kuuza hiyo kituo. Akaniambia, mzee, ngoja mwezi moja. Nikangoja, na maziwa ikarudi. Sasa naambiwa ni yeye ameharibu. Usiku silali."

"Nani alikuambia ni yeye?"

Jaswant akanyoosha kidevu upande wa meza ya pili. Jaydeep aliketi pale nyuma ya kompyuta, kijana mwenye miwani na shati lililopigwa pasi na mama.

"Si mimi nasema, Madam," Jaydeep akasema. "Ni mashine inasema. Mashine haina mtu wa kwao."

"Mashine yako ni nzuri," Jepkemei akasema, na alimaanisha. "Nimeona Elburgon inafanya kazi. Nimesikia hakuna sanduku limezimwa tangu kufungua."

"Hakuna hata moja! Yaani, isipokuwa Elburgon siku hiyo, vile msichana alizima." Aliongeza hayo haraka.

"Nionyeshe vile unatuma. Kitu kidogo, kisichodhuru."

Jaydeep akachangamka. "Naweza kubadilisha kengele. Tangi likijaa, kengele inalia. Naweza kufanya ilie ndefu kidogo."

"Unatuma kwa kituo kimoja kwanza, ukaona, halafu vingine?"

"Hiyo ndiyo sheria yangu, Jaydeep," Jaswant akasema. "Moja kwanza, kunywa chai, halafu ingine."

"Ndiyo, Anko. Hata Jumatano nilifanya hivyo."

Kigen akainua macho kutoka kwenye sambusa. Jepkemei hakuinua chochote.

"Leo tuma zote pamoja," akasema. "Nina haraka. Na nisaidie hapa: ukishatuma, unajuaje kwamba imefika?"

"Kila sanduku linajibu. Naona hapa kwa skrini. Ndiyo nilijua Elburgon ilipokea nne, na mtu akabadilisha baadaye."

"Hujawahi kukosa jibu?"

"Kamwe."

"Jumatano ulituma mara ngapi?"

"Mara moja, Madam. Nimeandikisha."

"Sawa. Tuma."

Skrini ilikuwa imempa Jepkemei mgongo, naye hakuzunguka kuitazama. Alisikia vidole vikigonga. Jaydeep akabonyeza mara ya mwisho kwa madaha, akaegemea kiti.

"Tayari. Imeenda."

Simu ya Kigen ikalia. Alikuwa Zeddy wa Njoro, ambaye Kigen alikuwa amemtumia ujumbe chini ya meza ajaribu kengele. Kigen akasikiliza, akaitikia kwa kichwa. "Anasema kengele yake ameijaribu sasa hivi. Inalia ndefu mpaka mbwa wanabweka."

"Umeona?" Jaydeep akatabasamu.

"Nimeona. Ni kazi safi." Jepkemei akaweka mkoba mapajani. "Sasa nisomee majibu. Njoro?"

"Njoro imejibu."

"Molo?"

Jaydeep akatupa jicho kwenye skrini. "Molo imejibu."

"Naivasha?"

"Imejibu."

"Elburgon?"

"Elburgon imejibu, Madam. Hata hiyo ndiyo ilijibu ya kwanza."

"Una uhakika? Kuna mtu anaenda kortini kesho kwa jibu la Elburgon."

"Niko na uhakika mia kwa mia. Imepokea. Iko hapa, naiona kwa macho yangu."

Jepkemei akafungua mkoba. Akatoa leso, akaiweka juu ya meza mbele ya Jaydeep, akaikunjua pembe moja moja. Modemu ya Elburgon ilikaa pale, kadi yake ya simu ndani, vumbi la mbao likimwagika kidogo kwenye meza safi.

Kigen hakungoja kuambiwa. Alikuwa ameshapiga simu Elburgon, na alikuwa akimwambia askari wa zamu atafute funguo za seli, na akimaliza amtafute Mzee Kiptanui na kipaza sauti.

Bwana Jaswant aliinuka. Akazunguka meza, akasimama nyuma ya kiti cha Jaydeep, akainama kuisoma ile skrini kwa muda mrefu. Kisha akaweka mkono begani mwa kijana, polepole.

"Beta, mwanangu," akasema, "hapa mimi naona imeandikwa imetumwa, imetumwa, imetumwa, imetumwa. Hebu nionyeshe ile Elburgon imejibu."